Bunduki Chini ya Kitanda cha Mama Mkwe

Tumbili wa kwetu hawaogopi mwanamke. Mke wangu akiingia shambani na fimbo wanamtazama tu, wanavunja hindi lingine, na yule mkubwa wao hata hageuki. Nikitokea mimi na bunduki, shamba linanyamaza kama kanisa letu siku ya Jumanne. Utaniuliza mzee wa chai na ndizi alipata wapi bunduki. Ni ya mtutu mmoja, kuukuu, na leseni ninayo. Shule niliacha darasa la tatu, lakini leseni hiyo naisoma mpaka nukta ya mwisho.

Basi ikaja ile vita ya ng'ombe kule mpakani. Sisi upande huu wa Masimba tulikuwa tunasikia tu. Serikali ikatangaza hali ya hatari, kafyu usiku, na kila bunduki ya raia, hata yenye leseni, ipelekwe kituoni mpaka mambo yatulie. Mahindi yangu ndiyo yalikuwa yanatoa ndevu. Nikauliza pale dukani, "Na tumbili nao wameambiwa kafyu?" Watu wakacheka.

Yangu sikuipeleka. Aliyetumwa kuichukua alikuwa naibu wa chifu, na naibu wa chifu ndiye aliyemuoa binti yetu. Hapo nikafurahi. Kwetu Gusii mkwe na mama mkwe wana heshima yao, tunaiita chinsoni. Hawapeani mkono, na mkwe haingii chumba anacholala mama mkwe hata nyumba iwake moto. Nikaitoa bunduki risasi, nikaisukuma chini ya kitanda, nikamwambia mke wangu, "Leo mgongo unakuuma. Lala."

"Mgongo gani?"

"Huo huo ulio nao."

Akalala. Alicheka mpaka kitanda kikalia.

Mkwe alifika saa nne asubuhi, kofia kwapani. Polisi wawili aliwaacha barabarani, wasimwaibishe ukweni.

"Tata," akasema, maana yake baba, "nimekuja kwa ile bunduki."

"Iko chumbani kwa mama yako. Ingia uchukue, sijakukataza."

Akalitazama pazia la chumba kama mtu anayetazama mto uliofurika. "Tata, wacha mchezo. Nitolee wewe."

"Magoti hayainami." Na huo haukuwa uongo wote. Nyuma ya pazia kitanda kikalia, mgonjwa anacheka.

"Basi niite polisi?"

"Waite. Wanaume wageni wafunue kitanda cha mama wa mke wako. Jioni utamweleza mkeo."

Akashusha sauti. "Wamesema nisiporudi nayo, kazi sina. Na wajukuu zako wanakula hiyo kazi."

Nikamwambia leseni yangu ni hai, sijaua mtu, sijaiba ng'ombe, kwa nini ninyang'anywe kama mwizi? Hata leo nasema hivyo hivyo. Serikali ikikupa haki halafu ikaichukua siku inayotaka, basi ilikuazima tu.

Akavuta kiti, akakaa. Mke wa mwanangu alikuwa ameshachinja kuku jikoni, kwa sababu mkwe haji akaondoka hivi hivi. Akaleta ugali wa wimbi, kuku na mboga ya managu, akaleta na maji ya kunawa. Mkwe akarudisha mikono mapajani.

"Asanteni. Sili." Alisema kwa nguvu, ifike chumbani.

Kile kitanda kikaacha kulia.

Mkwe kukataa chakula ukweni! Habari hiyo ingefika soko la Nyamira kabla yeye hajafika barabarani, na wanawake wangeulizana mama yule amemkosea nini.

"Kula, bwana, kuku hana kosa," nikasema.

"Sili, Tata. Mtu asiye na kazi hana njaa."

Pazia likafunguka. Mgonjwa wangu akatoka mbio, bunduki imeviringishwa kwa shuka, akaiweka mezani kando ya ugali bila kumtazama mkwe usoni. Mimi alinitazama. Alichoniambia kwa Ekegusii hakiandikiki.

"Kula, baba," akamwambia mkwe, macho chini. "Chakula kinapoa."

Kijana akanawa. Alikula vizuri sana kwa mtu asiye na njaa. Mke wangu akamwita mke wa mwanangu, akaonyesha kwa kidole sahani ya mkwe. "Mpe na firigisi."

Firigisi katika nyumba hii ni ya mwenye boma, tangu nilipooa. Niliitazama ikipita mbele yangu, ikaenda.