Bi Inshirah na Bendi ya Ghorofa ya Chini

"Hivi wewe, Inshirah, umehiji ukarudi, halafu unatufugia watoto wa magitaa humo chumbani. Siku ya hesabu utajibu nini?"

Aliyeuliza ni Umm Shukri, jirani wa ghorofa ya juu, kainama dirishani na mtaa mzima wa Karmuz, huko Iskandaria, unasikia. Inshirah alikuwa anakunja mashati. Akamjibu bila kuinua uso, "Nitajibu kwamba hawakumtukana mtu, shoga. Teremsha kikapu, kanzu ya mumeo iko tayari."

Duka lile la kupiga pasi lilikuwa la mumewe, Abdelhadi. Yeye alishika pasi nzito ya chuma, ile ya kupashwa moto juu ya jiko la gesi, na mkewe akinyunyiza maji, akikunja, akiwapelekea watu nguo zao. Chumba cha nyuma kilijaa mablanketi ambayo wateja waliyaleta wakayasahau. Ramez, kijana wa jengo la pili, alipofukuzwa kila mahali na gitaa lake na wenzake wawili, Abdelhadi ndiye aliyewafungulia.

"Ingieni humo," aliwaambia. "Mablanketi yatameza kelele. Yakishindwa, Umm Shukri atatuarifu."

Ndipo bendi ikajiita Dor Ardi, yaani ghorofa ya chini, na humo humo wakarekodi albamu yao, *Bukhar*, maana yake mvuke. Ulikuwa umebaki wimbo mmoja tu Abdelhadi alipofariki.

Mtaa ulinyamaza kama ilivyo desturi. Redio zikazimwa. Ramez na Girgis, mpiga ngoma, walihudumu matangani, wakigawa kahawa isiyo na sukari mpaka watu walipotawanyika. Jengo la pili palikuwa na harusi. Baba wa bibi harusi alikuja kwa Inshirah, akaketi, akaomba ruhusa. Inshirah akasema, "Furahini, Mungu awatimizie." Hata hivyo wakamwoza binti yao bila spika.

Asubuhi moja, arobaini bado haijatimia, Inshirah aliwakuta Ramez na Girgis wakitoa ngoma kwa mlango wa nyuma, wameifunika shuka.

"Mnahama?"

"Hapana, Hajati." Ramez alitazama chini. "Nimeitwa jeshini, naenda wiki ijayo. Tumepata chumba Sidi Bishr, tumalizie ule wimbo. Hatukutaka kukusumbua na msiba wako."

Inshirah akaketi juu ya kigoda cha marehemu. Sauti haikupanda. "Mwenye harusi, ambaye hata salamu yake ni ya kubahatisha, alikuja kuniomba. Nyinyi mliolalia mablanketi ya Abdelhadi mnanipita kwa nyuma kama mnaoiba. Mmeona mimi sina msiba, au mmeona yeye hakuwa mzee wenu?"

Girgis akaiweka ngoma chini. Ramez akazunguka nje, akaja kwa mlango wa mbele, akabisha ingawa ulikuwa wazi.

"Hajati, tunaomba ruhusa yako. Ukisema hapana, wimbo ule hatuurekodi popote."

Siku ile hakumjibu. Shemeji yake, Mitwalli, alishasema kwamba muziki kabla ya arobaini ni kumkanyaga marehemu. Inshirah aliyaogopa maneno ya watu, lakini alimwogopa Mungu zaidi. Na tangu mazishi hakuwa amewasha lile jiko. Nguo za wateja zilirundikana, naye alikuwa akizipita kama hazioni. Kesho yake aliswali Alfajiri, akabaki juu ya msala mpaka jua likapanda. Kisha akawaita.

"Ngoma, hapana. Imbeni kama watu walioko kwa mgonjwa. Nami nitapiga pasi, siwezi kukaa tu nawatazama."

"Pasi itasikika kwenye rekodi, Hajati," Girgis akasema.

"Na isikike. Wewe na mikebe yako miaka yote, nani amekulalamikia?"

"Umm Shukri."

Inshirah akatabasamu kwa mara ya kwanza tangu azikwe mumewe, akawasha jiko. Huko juu dirisha lilifunguliwa. Hakuna aliyeuliza kitu.

Dor Ardi haijulikani sana hata hapo Iskandaria. Nyimbo za mwanzo za *Bukhar* zina fujo ya ujana, gitaa linakwaruza, na masikio yaliyozoea kasida yatapata tabu. Zivumilie, maana maneno yake ni ya kweli: kuna mtu anasubiri tramu, kuna mtu anasubiri kazi, kuna mama anahesabiwa umri na vyombo vyake vya jikoni. Mwisho unakuja wimbo ule, sauti ya Ramez na gitaa tu, na chini yake pumzi ya pasi inapogusa kitambaa kibichi. Mara moja inakatika katikati. Hapo Inshirah alikuwa amesimama kujifuta macho, na vijana hawakuiondoa.

Ramez bado yuko jeshini. Kwa sasa anayeitangaza albamu ni Bi Inshirah mwenyewe, kwa wateja wanaofuata nguo zao. Na kila anayemwahidi kuitafuta, humwambia hivi:

"Isikilize yote, usirukie mwisho. Ikiisha, mwombee Ramez arudi salama, na msomee Abdelhadi Fatiha."