Pipa Nililolipaka Rangi ya Viatu

Wenzangu kazini walipopata likizo walikwenda mashambani. Mimi yangu niliimalizia palepale mtaani kwetu Jericho, nikilichunga pipa la plastiki linalotetemeka. Nililinunua pamoja na mota yake kwa mzungu mmoja aliyekuwa akifunga virago, naye akasahau kunipa kijitabu cha maelezo. Usifikirie kinu cha posho. Pipa hili halizunguki. Linakalia springi, chini yake kuna mota yenye chuma kizito kilichofungwa upande mmoja, na mtambo wote hutetemeka kama mgonjwa wa malaria mpaka mawe yaliyomo yasuguane na unga mkali na maji, yalainike na kung'aa.

Kaka wa mke wangu, yaani mlamu wangu, alikuwa mchongaji wa vinyago. Simba wake aliwatia macho ya shanga. Nikamwambia, kwa mdomo wangu huu huu, kwamba nitampa mawe yanayong'aa, macho kumi na mawili ya simba sita, kabla mteja wake hajaja Jumamosi. Nilitaka angalau mara moja nihesabiwe fundi katika ukoo ule. Mpaka hapo mchango wangu ulikuwa kusifu na kunywa chai.

Sasa, lile pipa. Nati inayokaza kifuniko ilikuwa ikilegea kwa kule kutetemeka, kwa hivyo kila asubuhi nilikuwa na spana. Ukiikaza sana, raba ya kuzibia kifuniko inajikunja na tope linavuja. Ukiilegeza, tope linavuja vilevile, ila kwa furaha zaidi. Maji yakizidi, mawe yanaogelea tu. Yakipungua, unga unaganda kama saruji. Aliyebuni kitu hiki hajawahi kupiga deki nyumba yake mwenyewe.

"Baba watoto," mke wangu aliuliza, ameinua miguu nipanguse, "hiyo mashine inasaga mawe au inakusaga wewe?"

Jumatano, unga wa kukwaruza ulipomaliza kazi yake, niliosha kila kitu kwa brashi, maana chembe moja tu ikibaki itachora mawe wakati wa kuyang'arisha. Hapo ndipo nilipoona ukuta wa ndani umejaa mikwaruzo. Je, chembe zikijificha humo? Kwa wakwe zangu kila kazi huishia kwenye rangi ya viatu: mlamu akimaliza msasa, anapaka, anasugua, mnyama anang'aa. Basi nami nikalipaka pipa lote ndani rangi ya kahawia, nikaziba mikwaruzo, nikasugua mpaka nikaiona pua yangu. Nikatia mawe na unga laini, nikafunga. Sikufungua tena, kwa kuogopa kuisumbua raba.

Jumamosi asubuhi mlamu aliingia na simba wake ndani ya gunia. Nikazima mota, nikafungua kifuniko kwa madaha.

Mawe yalikuwa palepale nilipoyaweka, yametulia kama watu kwenye benchi la hospitali, yamevaa utando wa kahawia. Ukuta ulikuwa unateleza mno. Siku zote hizo pipa lilitetemeka peke yake, bila kuyashika mawe wala kuyasukuma.

Mlamu alichukua moja, akalipangusa kwenye suruali, akalibandika kwenye tundu la jicho. Simba akatutazama.

"Mlamu," akasema polepole, "huyu ana mtoto wa jicho. Huyu ataomba ashikwe mkono avuke barabara."

"Nipe siku nne tu. Nioshe pipa, nianze upya..."

"Mteja yuko njiani. Ndani umepaka nini?"

Nikamwambia. Mke wangu alitoka nje ghafla, nikamsikia akicheka huko kwenye bomba la maji.

Mlamu hakucheka. Akanusa pipa, akalirudisha taratibu. "Rangi ni ya mwisho, mlamu. Ya mwisho kabisa. Na inapakwa mnyama, haipakwi meza ya fundi."

Kisha akatoa mfukoni kifurushi cha shanga. Kumbe alikuja nacho. Hicho ndicho kilichoniuma kuliko yote: tangu mwanzo aliniamini kiasi hicho tu, cha kubeba shanga za akiba.

"Shika kichwa," akaniambia, akinyoosha mkono kuchukua gundi. "Vizuri, kwa mikono miwili."

Nikashika simba wa kwanza. Walikuwa bado watano.