Bahasha ya Sita

Nilikuwa nimekificha kisa hiki, lakini wauza kuku wa kando ya msitu wa Mabira wameshakisambaza mpaka kwa wauza samaki wa Ggaba, basi bora mkisikie kwangu mimi niliyejiaibisha.

Nilikuwa na mpangaji hapa kwangu Namuwongo, Furaha, binti wa Bukavu, mpole, analipa kodi kabla sijamgongea mlango (hilo peke yake lilinitia wasiwasi). Kila asubuhi anatoka na wavu wa kitambaa, jioni anarudi na matope hadi magotini na vibahasha vya karatasi vilivyokunjwa pembetatu. Nikimuuliza, "Ni kereng'ende, mama." Sasa niambieni, mtu atoke Kongo avuke mpaka kufuata wadudu ambao kwetu wanajirukia bure juu ya mtaro? Mimi nimekulia dukani kwa baba, sonara, karatasi ikikunjwa kwa adabu namna ile najua ndani kuna unga wa dhahabu.

Siku ambayo kibali chake cha kukusanya wadudu kilikuwa kinaisha, kesho yake arudi kwao, nikajitolea kumbebea sanduku lake la bahasha hadi msituni Mabira. Akafurahi, maskini. Njiani akanieleza kuna kereng'ende mmoja mwembamba anayeishi kwenye kijito chenye kivuli tu, hajaonekana miaka mingi. "Nikimpata, nitathibitisha bado yupo. Nikimkosa, mama, wataandika ametoweka." Nikaitikia kwa kichwa, macho kwenye sanduku.

Msituni nikahesabu: wavu umenasa mara tano, bahasha tano. Nikahesabu tena, tano. Kisha nikaenda nyuma ya mti kujisaidia (chai ya tangawizi, msiniulize), na niliporudi nikamkuta Furaha amekaa kwenye tope, anacheka na kulia pamoja, anaingiza bahasha kwenye mfuko wa shati. Siyo sandukuni. Mfukoni!

"Hiyo ya sita ina nini?"

"Twende, mama. Nitakuonyesha nyumbani, tukishafunga madirisha."

Madirisha! Tulipofika barabarani, yeye ananawa miguu, mimi nikamnong'oneza mlinzi wa msitu, afande mmoja wa kaskazini aliyestaafu jeshini, kwamba binti ana dhahabu mfukoni.

"Mama, wewe iko na uhakika?"

"Nimehesabu mara mbili."

"Dada, kuja hapa. Toa hiyo kitu ya mfukoni."

Wauza kuku wakayaacha mabasi, wakatuzunguka na mishikaki yao mikononi. Furaha akaitoa bahasha, akaikinga kwa viganja vyote viwili. "Afande, kibali hiki hapa, soma. Lakini tusifungue, yuko hai. Tunawaweka hivyo mpaka kesho, tumbo litoe uchafu, rangi isiharibike."

Afande akaanza kusoma, na uso wake ulishaanza kulegea. Angetuachia tu. Lakini mimi nikasema, "Dhahabu haina tumbo," nikainyakua ile bahasha, nikaifungua.

Akatoka mdudu mwembamba kama njiti ya kiberiti, kiuno chekundu, akatua kwenye ushungi wangu.

"Mama," Furaha akanong'ona, akinyoosha vidole polepole, "usipumue."

Nikapumua. Akapaa, akapita juu ya lori la miwa, akavuka barabara, ikawa ndiyo basi.

"Banange, jamani, dhahabu ina mabawa!" akapaza sauti mmoja wa wauza kuku, na kicheko kikaanzia hapo. "Mama Dhahabu, nunua paja ujipoze!" Afande akavua kofia kama aliyefika msibani. Furaha hakucheka wala hakunitukana, laiti angenitukana. Tulirudi kijitoni mpaka mwanga ukatuishia, mimi na dera langu ndani ya maji hadi kiunoni, nikipunga wavu kama mtu anayefukuza nyuki. Hatukuona hata mmoja.

Asubuhi aliondoka na bahasha za siku za nyuma pamoja na zile tano. Ya sita aliiacha mezani, imekunjwa vizuri, juu yake ameandika kwa penseli tarehe na jina la kijito.

Nimeapa kwamba mfuko wa mtu ni wake. Mpangaji mpya amekuja na sanduku lenye kufuli mbili (nimezihesabu, sikatai). Kila nikipita mlangoni pake mkono ukaniwasha, narudi chumbani kwangu, naichukua ile bahasha ya sita, naifungua. Tupu. Naikunja, naifungua tena. Tupu.