Nilimficha Mkwe Wangu Saa ya Ndoa ya Mjukuu Wetu

Kosa ni langu. Nalisema mwanzo kabisa, asije mtu akasingizia simu, au mtandao wa China, au Waingereza na saa zao.

Siku ile ya ndoa, sebuleni kwetu hapa mtaa wa Xiaobei, mjini Guangzhou, China, tulikuwa wanne. Binti yangu Zuhura, ambaye naishi kwake. Fatma wa Khamis, jirani, anayewapikia pilau wafanyabiashara. Rehema wa Moshi, mwanafunzi wa udaktari, anayekula kwetu kila Jumapili. Na mimi. Kwenye simu, kutoka Uingereza, walikuwepo mjukuu wangu Nasra, bibi harusi, na baba yake Hamadi, mwanangu. Jina langu sitaji. Ya wengine nayataja kwa sababu wao hawana kosa.

Aliyekosekana ni mmoja: Bi Mwanaidi wa Tanga, bibi yake Nasra upande wa mama. Na aliyemkosesha ni mimi.

Mama yake Nasra alifariki mtoto hajaanza kutambaa. Bi Mwanaidi akamlea. Mtoto akakua anamwita yule Mama. Mimi je? Mimi ni "bibi wa China". Jamani, iliniuma! Akipiga simu ni Mama kapika hivi, Mama kasema vile. Namtumia vitambaa vizuri vya huku, anashukuru, halafu anauliza, "Na Mama umemtumia?"

Nina mvi kichwa kizima na wivu wa msichana.

Kila Jumapili Nasra hutupigia sote pamoja, saa tano asubuhi ya kwao. Wakati wa baridi, Tanga huwa saa nane mchana, sisi huku saa moja jioni. Ndoa ikapangwa saa hiyo hiyo tano, Jumapili ya mwisho ya Machi.

"Bibi, nisikilize vizuri," akaniambia wiki ya ndoa, kanipigia mimi peke yangu. "Usiku wa kuamkia Jumapili hiyo huku tunasogeza saa mbele. Kwa hiyo wewe utatuona saa kumi na mbili jioni, siyo saa moja. Mama atatuona saa saba."

"Nani huyo anasogeza jua?"

Akacheka. "Jua liko palepale, bibi. Zinasogezwa saa. Kiangazi kikikaribia zinapelekwa mbele saa moja, mwisho wa Oktoba zinarudishwa. China na Tanzania hamgusi zenu, ndiyo maana tunapishana. Mwambie Mama, si unaongea naye kila Ijumaa? Mimi nimebanwa. Nataka dua yake kabla shehe hajaanza. Bila dua ya Mama nitajiona sijaolewa."

Dua ya Mama! Na yangu?

Ijumaa Bi Mwanaidi akaniita kwa furaha. "Mkwe! Nimeshona gauni la zambarau, siku hiyo mtanikoma! Ni saa nane yetu ile ile?"

Machi hapa unyevu huzidi mpaka kuta zinatoka jasho. Nikashika kitambaa nikawa naufuta ukuta kama sijasikia.

"Mkwe?"

"Ile ile," nikasema.

Jumapili ikafika. Rehema akaunganisha simu kwenye televisheni, Nasra akatokea na hina yake mpaka kwenye viwiko, mzuri ajabu. Neno lake la kwanza: "Mama yuko wapi?"

Hamadi akapiga Tanga. Akapiga tena. Simu haipokelewi.

Rehema akanigeukia. "Bibi, ulimwambia kwamba saa zimesogea?"

"Nilimwambia."

Shehe alikuwa na ndoa nyingine ya kufungisha, hakuweza kungoja. Nasra machozi yakamlenga. Nami bila haya nikasogea mbele. "Mimi nipo, mjukuu wangu. Nitakuombea mimi." Nikaomba dua ndefu, kwa sauti. Nasra akaitikia amina huku akitazama simu ya baba yake.

Saa moja baadaye Bi Mwanaidi akatokea. Gauni la zambarau, udi unafuka, wanawake wa mtaa mzima wamejaa nyuma yake. Vigelegele!

"Tumewahi, wanangu! Shehe kafika?"

Kisha akaona ukumbini kule watu wanabeba viti. Vigelegele vikakatika.

"Mama, tumekungoja," Nasra akalia. "Na bibi alikwambia!"

Bi Mwanaidi akanitazama. Halafu akasema, "Aliniambia, mwanangu. Ni kichwa changu hiki. Uzee."

Ole wangu! Akanifunika, mbele ya majirani zake!

Sasa nikimpigia ananipa salamu na kuaga. Nasra anamsemesha kama mgonjwa, neno moja anamrudia mara mbili. Juzi amemwomba baba yake atafute mtu huko Tanga wa kumpeleka Bi Mwanaidi hospitali akapimwe kichwa. Mwanamke mwenye akili timamu! Na dua yangu ile Nasra hajaitaja hata siku moja.

Na wivu bado ninao, sidanganyi. Naona wivu kwamba hata kwa moyo Bi Mwanaidi amenizidi.

Nyinyi mliotawanyika na wenye watoto Ulaya, mwisho wa Machi na mwisho wa Oktoba ulizeni saa mapema, na kila mmoja aambiwe mwenyewe. Msimtume mtu kama mimi.

Jumapili hii namwambia Nasra. Naandika hapa kwanza ili nisipate pa kurudi nyuma. Zuhura, Fatma, Rehema, mlikuwepo. Kama nimekosea jina au neno, nirekebisheni. Nawe Bi Mwanaidi, ukisomewa haya ukakuta mahali nimejipunguzia kosa, sahihisha mbele za watu. Usinifunike tena.