Jagi la Mama Mkwe

Kando ya ziwa kule Muhuru, mgonjwa ambaye hajatundikiwa maji huonekana hajatibiwa. Mpe vidonge vya maana namna gani, jamaa zake watakutazama kama mtu aliyewanyima chakula. Nimekuwa muuguzi huko kwa miaka, na nimeacha kubishana. Ninachotaka kujua ni mambo mawili tu: maji yaliyoingia mwilini, na yaliyotoka. Ya kuingia hayana taabu, chupa inaning'inia pale juu, kila mtu anaiona. Ya kutoka ndiyo yenye aibu, na aibu imenisumbua kazini kuliko kipindupindu.

Asubuhi moja mwanamume alimteremsha kwenye pikipiki mama mchuuzi wa omena, wale dagaa wa ziwani, aliyekuwa ameharisha na kutapika tangu jana yake. Macho yalikuwa yamezama. Nilifinya ngozi ya tumbo, ikabaki imesimama kabla ya kujirudia taratibu. Mishipa ilikuwa imelala. Nilihangaika hadi nikapata mmoja karibu na kiwiko, nikafungua maji yakimbie. Kufika adhuhuri alikuwa anaongea, na neno lake la kwanza lilihusu omena alizoziacha zimeanikwa, kwamba mvua ikija zitaoza. Nikajua amerudi.

Hapo ndipo hatari nyingine huanza. Figo zilizokaa kavu huweza kugoma, na ukizidi kumimina maji yasiyo na njia ya kutoka, huishia mapafuni. Mtu aliyeponea kukauka anaweza kuzama akiwa kitandani. Kwa hiyo nilimpa yule mwanamume jagi lenye mistari, nikamweleza kwamba kila mkojo upimwe humo kabla ya kumwagwa. Nilikuwa peke yangu wodini, na mipira ya mkojo ilikuwa imekwisha stoo. Alilipokea jagi kwa vidole viwili. Nilidhani ni mwanawe, kwa jinsi alivyokuwa akimwita mama.

Akaenda kukaa nje, chini ya dirisha, mgongo ukutani. Kila nilipopita nilimuuliza.

"Mama amekojoa?"

"Ndio, sista."

"Mingi ama kidogo?"

"Mingi. Hiyo maji imeisha, weka ingine."

Nikaweka nyingine.

Baadaye nilimkuta mama anakohoa, kope zimevimba, pumzi za haraka haraka. Nilipomsikiliza mgongoni, mapafu yalikuwa yakichakarika upande wa chini. Jagi lilikuwa mvunguni, kavu, hata karatasi ya bei haijabanduka. Nilifunga maji, nikamkalisha, nikatoka nje nikiwa nawaka.

"Si umeniambia amekojoa!"

Alitazama viatu vyake. "Sista, huyo ni maro. Mimi nimeoa msichana wake. Sasa hiyo ningemuuliza aje?"

Hasira iliniishia mdomoni. Mimi ni Mkuria, na kwetu pia mtu na mama mkwe wake hawapishani hivi hivi mlangoni, sembuse kuulizana habari za mkojo. Mkewe alikuwa amejifungua juzi, mashemeji wako ziwani, yeye ndiye aliyepatikana. Mama naye alikiri kwamba hajakojoa tangu jana, lakini angesemaje na mkwe yuko dirishani? Wote wawili walikuwa wakifa kwa heshima, ingawa wa kufa kweli alikuwa mmoja.

Daktari wa zamu aliagiza sindano ya kusukuma mkojo. Usipotoka kabla ya jioni, tumkimbize Migori akasafishwe damu kwa mashine. Nilimchoma, nikamwekea beseni na lile jagi karibu, kisha nikaitwa chumba cha kujifungulia, ambako mtoto alikuwa anakuja kwa matako. Niliogopa, nasema kweli. Nilikuwa nimeanza kumpenda yule mama na omena zake.

Nilikuwa bado nanawa mikono mlango ulipogongwa. Alikuwa yule mkwe. Amelishika jagi kwa mikono miwili, amelifunika kwa kofia yake, uso ameugeuzia ukutani.

"Ameita na hakuna mtu," alisema. "Sista, pima."

Nilifunua. Mkojo ulikuwa umepita nusu ya jagi, bado una joto. Nilimwambia kwamba safari hii ni mwingi kweli. Hakucheka. Aliniachia jagi pamoja na kofia, akarudi mahali pake nje, lakini si chini ya dirisha tena.

Nilikwenda kwa mama. Pumzi zilikuwa zimeanza kutulia, ila alikuwa amejifunika shuka hadi usoni, akilia. Nilimuuliza anaumwa wapi.

"Hakuna pahali," alisema ndani ya shuka. "Mtoto wa watu amebeba mkojo yangu."