Geti la Mafaili

Juzi nilikuwa dirishani kwenye ofisi moja ya Lagangabilili, nikisubiri kibali cha kusafirisha ng'ombe wa mahari ya mpwa wangu. Ng'ombe walishapakiwa kwenye lori, wanalia. Kibali nacho kilikuwa tayari, ila kilikaa kwenye seva ya jengo jipya, na kompyuta ya jengo la zamani haikuiona seva hiyo.

Dada wa dirishani akampigia fundi.

"Majengo yenu yana mitandao miwili," sauti ikasema kwenye spika. "Seva ni nzima. Shida ni geti, ngoja nirekebishe."

Geti la fundi ni namba ndani ya kompyuta. La dada lina kufuli.

"Baba!" akamwita mlinzi. "Kafungue geti la jengo jipya, mafaili hayapiti!"

Mzee akatoka mbio na rungu lake, akalifungua wazi. Hapo hapo printa ikaanza kukohoa. Dada akapiga makofi. Fundi alikuwa bado anaeleza, hana msikilizaji.

Nikitoka nikamshukuru mlinzi kwa Kisukuma, "Wabeja sana, baba."

"Wangesema mapema," akanijibu. "Mimi nafunga kwa ajili ya mbuzi."

Nasikia geti halifungwi tena. Mbuzi wamemaliza maua yote ya ofisi, lakini mtandao uko safi.