Mbaazi Juu ya Paa

Wiki jana nilikuwa Kathonzweni, uani kwa nyanya, binamu yangu akazungusha ule mkono wa chuma. Kriii! Rafiki yangu, nilisisimka mwili mzima. Sauti ile nilikuwa sijaisikia tangu utotoni, na papo hapo nikawa tena kasichana peku, miguu imejaa vumbi, naruka-ruka kando ya mjomba.

Ilikuwa nyumba ya magurudumu. Babu aliinunua kwa Mzungu mmoja mpima udongo aliyekuwa akirudi kwao. Ikikunjwa, ni sanduku refu la bati linalomfikia mtu mzima kifuani. Ukizungusha mkono, paa linapanda, turubai linanyooka pande zote, na vitanda viwili vinavutwa kutoka ubavuni. Kijijini hakuna mwingine aliyekuwa na kitu kama hicho, na sisi wajukuu tuliringa kupita kiasi.

Kila Agosti nyanya alikwenda nayo Nunguni, kwenye mkutano wa akina mama wa kanisa. Huko ndiko alikokutana na dada yake aliyeolewa Kwa Vonza, na wawili hao waliimba pamoja mbele ya watu. Wengine walilala kwenye mahema, lakini baridi ya Nunguni haina mchezo na kifua cha nyanya kilikuwa kibovu. Mwaka mmoja alikuwa mgonjwa, hakwenda, dada yake akaimba peke yake. Jambo hilo lilimuuma sana.

Sasa mwaka uliofuata paa likawa limebonyea katikati kama godoro kuukuu. Ukizungusha mkono, linapanda nusu, linakwama. Mjomba, fundi wa vitanda, alilizunguka akiguna, kisha akasema wazi kwamba lisipopona kabla ya Ijumaa, safari hakuna. Nyanya aliingia jikoni, tukasikia sufuria zikigongwa bila sababu.

Mjomba akaazima jeki ya jirani mwenye pikapu, akasimamisha nguzo juu yake na ubao juu ya nguzo, akaanza kuliinua paa kutoka ndani. Anapampu kidogo, anasikiliza. Mbao zinalia. Sisi watoto tumejazana mlangoni, hakuna anayethubutu hata kukohoa. Paa lilipokaa sawa, akachomoa plaiwudi ya dari kwa nyundo, na ghafla mvua ikatunyeshea. Mvua ya mbaazi! Zilimwagika kichwani mwake, shingoni, ndani ya viatu, nyingine zimeota ukungu, nyingine kavu kabisa.

Sote tulijua zilikotoka. Kila msimu nyanya alianika mbaazi juu ya bati lile, gunia baada ya gunia, nasi tukapanda juu kuzigeuza. "Huko juu mbuzi hafiki," ndio uliokuwa msemo wake, na kweli, mbuzi hawakufika. Lakini uzito ulikuwa umezipinda boriti, bati likafunguka kwenye maungio, mbaazi na maji yakapenya humo.

"Mwaitu," mjomba akamwita mamake, huku akijikung'uta, "hii paa kumbe ilikuwa stoo?"

"Wewe tengeneza," nyanya akajibu kutoka jikoni. "Na hizo nzuri usitupe. Nitapika."

Alizipika kweli, pamoja na muthokoi, mahindi yetu ya kukoboa. Hadi leo sijala mbaazi tamu kama zile za darini.

Mjomba akakata sehemu zilizooza. Kando ya kila boriti kuukuu akalaza ubao mpya wa saiprasi, aliouranda ukainuka kidogo katikati ili maji yasituame. Akapaka gundi, akakaza bolti, kisha akatukabidhi vipande vya tyubu ya gari tuvifunge kwa nguvu mpaka gundi ishike. "Vuta! Vuta kama punda amegoma!" Tulivuta hadi viganja vikawa vyeusi, tukicheka kama wendawazimu.

Alhamisi jioni akashusha jeki. Nyanya alisimama kando, leso ameikunja mkononi. Nguzo ikalegea, ikaondolewa. Paa halikushuka hata unene wa ukucha! Mjomba akashika mkono wa chuma, kriii, kriii, hadi juu kabisa, na nyanya akapiga vigelegele vilivyowatoa majirani majumbani.

Huko Nunguni kulikuwa na ukungu mzito asubuhi, matone yakigonga bati, na vikongwe wawili chini ya blanketi moja wakichekeana kwa Kikamba. Mchana waliimba. Nililia, na sikujua kwa nini.

Tuliporudi nyumbani, hata magurudumu hayajapoa, mbaazi zikawa juu ya paa. Mjomba akapiga makelele.

"Ni kidogo tu," nyanya akamwambia, huku akimimina gunia zima.

Siku hizi wanaokwenda mkutanoni wanalala gesti. Nyanya hayupo, wala dada yake. Binamu anataka kuuzia chai ndani ya ile nyumba, na sina neno, heri itumike. Alipomaliza kuijaribu akaikunja tena, akalipiga paa kofi kwa furaha.

"Cheki, imenyooka kabisa!"

Lilikuwa limenyooka kweli. Nikapitisha kiganja juu ya bati lenye joto, mpaka katikati, nikakuta vumbi tu, wala si mbaazi hata moja. Nilitamani ningelikuta limebonyea.